Mgeni wa Subwoofa

Fundi Besi aligusisha betri ya redio kwenye waya wa spika, koni, ile karatasi ya mbele, ikaruka: du. Akagusisha tena: du. Mara ya tatu: du. Kutoka chumba cha pili mama yake akasema, "Karibu."

Kosa lilifanyika hapo, na lilifanyika saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia hadi chini ya meza. Wanaosema mambo haya huja usiku peke yake wanapenda hadithi kuliko ukweli.

Kila fundi wa muziki anayeijua kazi hupima spika hivyo. Unashika betri ndogo, unagusisha ncha mbili za waya. Koni ikiruka nje, umeshajua upande wa chanya. Ikivutwa ndani, umekosea, geuza waya. Kugusa mara moja kunatosha. Fundi Besi aligusa mara tatu kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa mara moja. Hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kubomoa redio mbovu za mtaa mzima, na kitu akishakifunga yeye, hakirudi.

Sasa mama yake. Mama hakuwa amesikia chochote tangu homa ilipompiga kichwani, miaka kumi na tisa nyuma. Mengine waliongea naye kwa ishara na kwa karatasi, lakini hodi ilikuwa na utaratibu wake. Mlangoni kwa Mama hukupiga hodi kwa mdomo. Ulipiga mguu chini mara tatu, kishindo kikapita kwenye sakafu mpaka miguuni kwake, naye akasema, "Karibu." Na sheria ilikuwa moja: ukishaitikiwa, ingia. Kumwacha Mama anatazama mlango usioleta mtu ilikuwa aibu kuliko kumtukana. Utotoni walifinywa sana kwa kosa hilo, yeye na dada yake.

Zile du tatu zilishuka mezani hadi sakafuni kama kishindo cha mguu, kwa hiyo alitakiwa kuacha spika na kwenda kuonyesha uso. Hakwenda. Alikuwa na waya mdomoni na bisibisi mkononi. Alicheka peke yake, akasema, "Mama kaikaribisha spika," akaendelea na kazi.

Dada yake, mkunga wa zahanati, alikuwa ukumbini anapiga pasi sare yake. Alimwona Mama anatazama mlangoni. Kisha Mama akatabasamu, akarudisha miguu yake chini ya kiti, kama mtu anavyofanya ili mwenziwe apite.

Dada aligeuka kuangalia mlangoni. Pasi ikaunguza ukosi.

Subwoofa yenyewe ilikuwa ya Mama. Fundi Besi alikuwa amemwona mara nyingi anaegemeza kiganja kwenye friji ili kupata mngurumo wake, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Akasema, nitamjengea kitu. Spika ya inchi kumi na tano, boksi la mbao nzito lisilo na tundu, maungio yote yamezibwa kwa gundi hata pumzi isipite, ndani amejaza sufi aliyoichambua kwa vidole vyake. Mchana ule ule alilibeba boksi, akaliweka juu ya kiti cha Mama, akafungulia mlio mzito, kisha akaanza kutambaa chumbani kwa magoti, sikio likiwa usawa wa stuli.

"Umepoteza sindano au akili?" dada yake aliuliza.

"Nyamaza, natafuta besi."

"Besi gani hiyo inatafutwa kama karanga iliyomwagika?"

"Boksi likae anapokaa msikilizaji, wewe utambae. Utakaposikia besi imenona, hapo ndipo mahali pa boksi. Ukiliweka ovyo, anayekaa kwenye kiti hapati kitu, besi yote inamezwa na ukuta."

"Na wewe ukimezwa na kabati nisikuvute?"

Mwishowe akapapata mahali hapo: pembeni nyuma ya kiti, shubiri moja na nusu kutoka ukutani. Akaweka miguu ya mpira, akapunguza milio myembamba yote ibaki mizito tu, akamketisha Mama. Wimbo ulipoanza, Mama alishika mikono ya kiti. Besi ilipanda kwenye mbao, ikapita mgongoni kwake, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Fundi Besi alitoka nje akajifanya anakagua fyuzi.

Siku ya tatu, alipokuwa anapita ukumbini, alimsikia Mama anaongea.

"Ndiyo. Hapana, huyo mrefu ni mwanangu. Binti ni mkunga. Masikio yake? Mazuri sana, tangu mdogo."

Fundi Besi alipiga mguu mara tatu. Mama akasema karibu, akaingia. Hakukuwa na mtu mwingine. Kulikuwa na harufu ya koili ya spika iliyoungua, harufu ambayo fundi haisahau, kama plastiki na kucha pamoja. Akainama nyuma ya kiti. Amplifaya imezimwa, taa yake haiwaki. Akaweka kiganja juu ya koni, na koni ilikuwa inakwenda, taratibu sana, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama tumbo la mtu aliyelala.

Umeme unavuja, aliwaza. Akachomoa plagi ukutani. Koni ikaendelea. Akang'oa waya zote mbili za spika, akazishika mkononi, akaziangalia. Koni ikaendelea. Akaleta mita akapima koili, akakuta nzima, kama ilivyotoka kiwandani, na wakati anapima mshale wa mita ulikuwa unapanda na kushuka kwa pumzi ile ile.

"Mwache apumzike," Mama alisema. "Ametoka mbali."

Alikuwa bado amepiga magoti pale wakati jirani alipobiringisha mtungi wa gesi uani. Mama akageuza kichwa dirishani.

"Nani huyo anabiringisha mtungi?"

Fundi Besi aliita dada yake kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu utotoni. Walimjaribu Mama nyuma ya mgongo: wakapiga meza, wakafunga mlango, wakakohoa. Vyote vizito alivisikia. Fundi akasema, "Mama, ni mimi," na Mama akaweka mkono mdomoni.

"Hiyo ndiyo sauti yako? Mimi nilikuacha na sauti ya kifaranga."

Walilia watatu wamekumbatiana. Harufu ya koili ilikuwepo, na koni nyuma ya kiti ilikuwa inapumua, lakini nani angeuliza? Mtu akikuletea mama yako kutoka miaka kumi na tisa, humwombi kitambulisho.

Siku mbili baadaye dada yake alirudi kutoka kazini kabla ya saa sita mchana. Hakuingia ndani. Alikuja karakana alikokuwa mdogo wake, akafunga mlango, akaketi juu ya boksi tupu akiwa bado na sare yake. Alinong'ona, na Fundi Besi akagundua kwamba anaogopa Mama atasikia. Hofu hiyo ilikuwa ngeni katika nyumba ile.

"Leo nimemwambia mama mmoja mtoto wake hana mapigo."

"Pole, dada."

"Sikiliza. Nimeweka pembe ya kusikilizia tumboni, kimya. Nimehamisha, kimya. Nikamwambia, akaanza kulia. Mwenzangu akaja akaweka pembe palepale, akanitazama vibaya. Mtoto mzima. Anapiga vizuri tu."

"Labda uliweka vibaya."

"Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Nikuulize na wewe kama labda unashika bisibisi vibaya?" Akafuta uso. "Pembe haina kosa. Ni mimi. Maneno nayapata kwa juu juu tu, kama yamekatwa miguu. Ngoma, injini, mapigo ya moyo, sivipati. Wewe mwenyewe hapo unaongea kama mbu."

Fundi Besi alikuwa na kisanduku cha kupimia kinachotoa mlio mmoja mmoja, kuanzia mzito kabisa hadi mwembamba kabisa, na kila mlio una namba yake. Akamvisha dada yake vipokea sauti, akaanza chini. Hasikii. Hasikii. Hasikii. Alipofika mia nne, dada yake akainua kidole.

Akaenda kwa Mama, akapiga mguu, akaingia, akamvisha vipokea sauti vile vile. Mama alisikia mlio wa chini kabisa, akasikia uliofuata, na uliofuata, akitabasamu kila mara. Alipopita mia nne tabasamu likaondoka.

"Sasa hamna kitu," alisema.

Kesho yake alipima tena. Dada: anaanzia mia tisa. Mama: anaishia mia tisa. Kesho kutwa: elfu mbili, na elfu mbili. Alizichora namba hizo kwenye karatasi na zilikaa kama kitambaa kimoja kinachokatwa kwa mkasi, unachoongeza huku umekitoa kule, wala hakuna uzi uliopotea. Kwa hesabu yake dada yake alikuwa amebakiza siku mbili.

Alikuwa mwepesi wa hasira, na hasira ilimpeleka moja kwa moja kwenye boksi. Mama alikuwa bafuni. Alifungua skrubu nane, akainua spika, akaweka pembeni. Harufu ilitoka kama imefunguliwa kifuniko. Ndani, ile sufi aliyoichambua kwa vidole vyake, iliyokuwa imejaa kila kona, ilikuwa imebonyea katikati, imelala laini kwa duara, na alipoingiza mkono aliikuta ina joto, joto la mto ambao mtu ameinuka sasa hivi tu. Alitoa mkono polepole, na alipokuwa anautoa alihisi, bila kugeuka, kwamba kile kiti kilichokuwa nyuma ya mgongo wake, kiti kitupu cha Mama, kimelia kidogo mbao zake kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito anayejitahidi asisikike, na shingo yake yote ikapata upepo mfupi wa joto, ukaja, ukaondoka, ukaja, kwa mwendo ule ule wa koni aliokuwa ameuwekea kiganja.

Hakugeuka. Alisimama akatoka amelitazama dirisha.

Mtaani kulikuwa na mwanamke aliyetengeneza vibatari na mikebe kutokana na makopo. Watu walimwita Mama Makopo, na kwa mambo ya majini walimfuata yeye, kwa vile hakuwa na maneno mengi. Alikuja alasiri hiyo hiyo, vidole vimejaa mikwaruzo ya bati. Alisimama mlangoni kwa Mama, akanusa, akarudi karakana.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakukaribishwa," alisema Fundi Besi. "Kaingia tu."

"Usinidanganye. Aliyeingia kwa kuvunja hukaa karibu na mlango. Huyu amekaa ndani kabisa, amevua na viatu."

Basi akamweleza: betri, du tatu, karibu.

"Ulipoitikiwa mbona hukuingia?"

"Nilikuwa na waya mdomoni."

"Basi kaingia asiye na waya mdomoni." Mama Makopo aliketi. "Wanapita kila siku, mwanangu, njiani, kama watu. Hawaingii kwa sababu hawaitwi. Huyu kasikia anaitwa, kakuta mwenyeji kampisha. Na hakuja mikono mitupu. Kaleta zawadi. Ubaya wao ni kwamba zawadi wanaichukua humo humo ndani."

"Kwa nini kwa dada? Angechukua ya kwangu."

"Wewe? Masikio ya miaka ishirini mbele ya spika?" Alimtazama kama kopo lenye kutu. "Nani anampa mwenyeji wake mtumba?"

Dada yake alikuwa amesimama kando, akitazama nyuso zao kwa zamu. Alikuwa anasikia milio myembamba tu: funguo, filimbi ya birika. Fundi Besi aliteremsha sauti hata hivyo.

"Mfukuze."

"Anayefukuzwa ni mwizi. Mgeni anasindikizwa, na anayemsindikiza ni yule aliyesema karibu. Mimi hapa sina kazi. Mama yako amtoe, wafuatane mpaka kwenye daraja la mtaro, amwache ng'ambo, arudi peke yake. Na nyinyi msimwite. Akiachwa huko, zawadi inarudi kwa mwenyewe; mpaka hapo mama yenu bado anasikia. Akiitwa atageuka, na wakigeuka wawili, sahau." Alichukua mkoba wake. "Kamwombe. Lakini mwombe kweli. Usimfiche anachopoteza."

Hilo Fundi Besi hakuhitaji kufundishwa. Alipiga mguu, akaingia na karatasi yake, akapiga magoti mbele ya kiti, akamwonyesha Mama namba zote, upande huu na upande ule.

"Kila unachokipata, Mama, kinatoka kwake. Kesho kutwa atakuwa hana kitu. Atakuwa kama wewe ulivyokuwa. Na kazi yake ni masikio."

Mama aliishika karatasi muda mrefu. Kwenye kona, nyuma ya kiti, spika ilikuwa imelala sakafuni bila boksi, bila waya, uso juu, na koni yake ilikuwa imesimama. Kilichokuwa kinapumua sasa kilikuwa kinasikiliza.

"Juzi mvua ilinyesha," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Unajua mvua ina sauti ngapi? Kwenye bati ina yake. Kwenye majani ina yake. Kwenye ndoo, ndoo ikiwa tupu ina yake, ikijaa inabadilika. Nilikuwa nimesahau kwamba inabadilika."

"Najua, Mama."

"Hujui. Wewe hujawahi kuipoteza." Alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni, anatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu asiyejua kinachozungumzwa. Mama alilijua tabasamu lile. Alikuwa amelivaa mwenyewe miaka kumi na tisa.

"Anauliza kama nimechoka naye," Mama alisema. Hakusema ni nani anayeuliza.

"Utamwambia nini, Mama?"

Alijiinua kwenye kiti, akatengeneza nguo yake.

"Nitamsindikiza."

Walisimama kizingitini, Fundi Besi na dada yake, saa kumi na moja kasoro, jua likiwa bado kali na watu wakiwa bado wanaanua nguo. Mama alitoka bila kuwatazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshikana mkono na mwenzake. Alipopita, harufu ya koili ilipita naye, na mbwa wa jirani aliyekuwa amelala njiani aliinuka akasogea, kwanza akampisha Mama, halafu, baada ya hatua moja, akasogea tena akapisha nafasi iliyokuwa kando ya Mama.

Dada alikuwa amevua kitambaa cha kichwa ili masikio yawe wazi.

Mama alikwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akapita duka la misumari, akapita ukuta uliopakwa nusu, akitikisa kichwa, akijibu, mara moja akicheka mpaka akainama, na Fundi Besi akabana meno kwa sababu kila hatua ilimfanya atake kuita Mama basi, Mama inatosha, Mama rudi, na kila mara akakumbuka kwamba angesikika, kwamba leo hii katika maisha yake yote ya utu uzima ndiyo siku ambayo akimwita mama yake kwa jina lolote ataitikiwa, na ndiyo siku ambayo hatakiwi kufungua mdomo. Kwenye daraja la mtaro Mama alisimama. Akavuka. Akasimama tena ng'ambo, akielekea pembeni, akisikiliza. Alisikiliza muda mrefu sana. Mtu aliyekuwa anafua karibu na mtaro alikusanya ndoo zake akaondoka. Kisha Mama akanyoosha mkono, akafungua vidole kimoja kimoja, akaushusha, akageuka.

Alirudi peke yake. Mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia mitupu. Fundi Besi alijikuta anahesabu hatua zake, akaamini yamekwisha, kwa sababu Mama hakutikisa kichwa tena, hakujibu mtu, alitembea katikati ya njia ameangalia chini kama alivyotembea miaka yote ile.

Nyuma yake baiskeli ilitokea kwenye daraja, ikija kasi. Mwendeshaji akapiga kengele, ile kengele ndogo ya chuma, nyembamba kama sindano, mlio ambao kwenye karatasi ulikuwa bado wa dada.

Mama akasogea kushoto. Hakugeuka, hakushtuka. Alisogea hatua moja, vizuri, kama anavyosogea mtu yeyote, baiskeli ikampita.

Dada yake akamshika Fundi Besi mkono. Macho yake yalikuwa kwa Mama, yamejaa machozi ya furaha.

"Amemwacha?" aliuliza. "Sema kitu. Nataka ya kwanza kuisikia iwe yako."

"Hapana," alisema Fundi Besi.

Dada akaendelea kumtazama.

"Hapana," akasema tena, kwa nguvu, mpaka jirani wa ng'ambo ya njia akatoka kuona nani anagombezwa. Kule njiani, hatua arobaini kutoka pale, Mama akasimama alipolisikia neno hilo, wala hakuinua uso.

Dada yake alikuwa bado anamsubiri ajibu.